Kuitwa Ng'ambo

Mimi sijawahi kuwa kiongozi wa kitu chochote, na kwa hilo namshukuru Mungu. Nilikuwa na mtumbwi mmoja wa mwembe, shamba la mpunga na migomba pale Golbanti, na mke ambaye hakuhitaji kuongozwa na mtu. Lakini kila kiangazi, maji ya Tana yalipopungua, Waorma, jirani zetu wafugaji, walituma mtu nyumbani kwangu aseme, "Buya, lete mtumbwi," nami nikaenda Garsen kuwavushia ndama. Ndama mmoja tu. Nyuma ya ndama huyo walivuka ng'ombe mia tano au zaidi. Ndivyo nilivyomjua Jaldesa, na ndiyo maana naandika mimi, kwa kuwa wenzangu walioyaona haya wengine wamekufa na wengine hawapendi kuyagusa.

Jaldesa alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu chache na miguu iliyopinda kidogo. Ungemkuta dukani kwa Msomali anangoja kupimiwa sukari, usingemtazama mara ya pili. Serikali haikumjua. Chifu alikuwa na kofia na fimbo ya serikali. Jaldesa alikuwa na sauti yake tu. Lakini tangu miaka ya vita vya Hitler, wenye ng'ombe wa kambi zote za karibu na Garsen walikuwa wamekubaliana kwamba siku ya kuvusha ng'ombe, neno lake ndilo neno. Siku nyingine zote alikuwa mchungaji kama wao, na mkewe alimgombeza kama wanavyogombezwa wengine.

Asiyewajua Waorma atauliza kwa nini wavuke. Kiangazi kikiingia nyika yote hukauka, na majani mabichi hubaki ng'ambo, kwenye tambarare ambazo mto huzifurikia. Pantoni ya Garsen ilikuwapo, ile ya kuvutwa kwa kamba, lakini ilikuwa ya malori na mabwana. Ukitaka kuvusha ng'ombe mia tano kwa pantoni, utamaliza kiangazi chote ungali umekaa hapo ukingoni. Kwa hiyo waliogelea, chini kidogo ya mji, mahali ambapo ukingo umelala pande zote mbili.

Kwanza watu walipiga maji kwa fimbo na madebe, wakapiga na makelele hadi masikio yanauma, ili mamba waondoke. Halafu Jaldesa alivushwa peke yake, akasimama ng'ambo. Halafu kimya. Mimi niliingia na ndama aliyefungwa miguu, ndama akalia, mama yake akamfuata, na kundi lote likamfuata mama. Wanaume waliogelea pembeni na nyuma, kila mmoja na fimbo yake, wakiendelea kupiga maji lakini midomo wameifunga. Kuanzia hapo sauti mbili tu ziliruhusiwa mtoni, ya ndama na ya Jaldesa, ambaye alikuwa akiwaimbia ng'ombe waje.

Amri hiyo ya kufunga mdomo haikuwa ukali wa bure. Ng'ombe wa Waorma humjua mwenyewe kwa sauti. Mtu akipiga kelele katikati ya mto, ng'ombe wake hugeuka kumfuata, wengine hugeuka kuwafuata hao, na kundi zima huanza kuzunguka mahali pamoja, wakipandana migongoni mpaka walio chini wanazama. Sisi Wapokomo hupenda kuwacheka Waorma kwamba wanaogopa maji, nao hutucheka kwamba tumekula ndizi mpaka damu imekuwa utomvu. Lakini siku hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake. Kila mtu alikuwa na mali yake yote ndani ya mto.

Sasa utauliza, mtu atakubalije kuingia kwenye maji ya mamba, afunge mdomo, asilipwe hata senti? Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wa Jaldesa. Ng'ombe wa mwisho alipopanda ukingo, Jaldesa alipanda juu ya kichuguu na kuwaita wanaume mmoja mmoja. Alimtaja mtu, akamtaja mzazi wake, akamtaja fahali wake kwa rangi yake, kisha akaongeza maneno mawili matatu ya sifa aliyoyatunga mwenyewe, mapya kila mwaka. Aliyeitwa alinyanyua fimbo na kujibu, "Nimevuka!" Hilo lilikuwa neno la kwanza kutoka kinywani mwake tangu aguse maji. Wanawake, ambao walikuwa wamevushwa mapema kwa mitumbwi pamoja na vyombo, walipiga vigelegele. Niliona wanaume wazima, wenye wake wawili na meno machache, wakisubiri majina yao kama watoto. Mtu ambaye hakuitwa alikuwa amevuka mwili tu.

Mfano ni Halake. Halake alikuwa mvivu, mtu mwema sana lakini mvivu, na ng'ombe wake walichelewa kufika ukingoni kila mara, watu mia wakamngoja juani. Wenzake walitaka atozwe fahali. Jaldesa akasema mwacheni. Siku hiyo ng'ambo alimwita wa mwisho kabisa: "Halake, mwenye Guracha, fahali mweusi anayeamka alfajiri, akaketi na kumlinda mwenyewe amalize usingizi!" Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Halake naye alicheka, lakini masikio yalikuwa yamemwiva. Kiangazi kilichofuata alifika mtoni siku moja kabla ya watu wote, na Jaldesa akamwita wa kwanza, kwa maneno mazuri yasiyo na utani hata chembe. Toka siku hiyo hakuchelewa tena.

Nilimwambia mke wangu, "Yule mtu anajua kushika." Kwa mkono mmoja anakuvuta na kwa mkono mwingine anakuzuia, nawe huwezi kuhisi ni upi unaokuuma. Kwa miaka kumi na zaidi sikumwona akimpiga mtu wala kumtukana.

Roba alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake Darmi. Darmi alifiwa na mume mapema, na Roba ndiye aliyemtunzia mama yake ng'ombe wachache waliobaki. Alikuwa kijana mrefu, mwenye kucheka haraka, ameoa mwaka uliopita msichana aitwaye Kaltuma. Fahali wake aliitwa Magala, kwa sababu alikuwa wa rangi ya kahawia. Aliogelea akimshika mkia, na mimi nikamwambia, "Roba, siku moja huyo fahali atakuuza sokoni," naye akasema, "Bei gani, Buya? Mwulize yeye." Nilimpenda. Nalisema wazi, nilimpenda yule kijana.

Kiangazi cha mwaka 1955 tulipofika katikati ya mto, Roba alipiga kelele, "Mamba!" Sauti kali, ya mtu aliyeshtuka kwelikweli. Lilikuwa gogo. Nililiona mimi mwenyewe likipita karibu na mtumbwi wangu, gogo la mkuyu lenye magamba, linapinduka polepole. Lakini Magala alikwisha kugeuka, ng'ombe wa Darmi wakamfuata, na kundi likaanza kuzunguka. Jaldesa aliimba ng'ambo mpaka sauti ikamkatika. Tulipotoka majini, ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wamezama, na watatu kati yao walikuwa ndio ng'ombe wote wa maziwa wa mjane mmoja wa kambi ya Chewele. Mjane yule alikaa karibu na maji akiyaangalia, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angetukana.

Jaldesa alipanda kichuguuni kama kawaida. Akaita wanaume wengine wote. Roba alisimama na fimbo yake, akingoja. Jaldesa akamaliza, akashuka, akaenda kutazama kwato za ng'ombe. Darmi, aliyekuwa ameshika kitambaa chake tayari kwa vigelegele, alikishusha pole pole. Roba alibaki amesimama pale peke yake na maji yanamchuruzika, mpaka Halake akaja akamshika bega wakaondoka.

Hapo nilisema ni sawa. Ng'ombe kumi na mmoja si mchezo. Nilidhani itakuwa hivyo mara moja, kisha yaishe.

Masika ilipokaribia, kabla mto haujajaa, walivuka kurudi nyikani. Roba alivuka kimya, mdomo umefungwa kama mkoba. Nilimwona. Jaldesa hakumwita. Walipokuwa wanafunga mizigo, Roba alimfuata mjomba wake mbele yangu. Waliongea Kiorma, ambacho nakijua vya kutosha.

"Mjomba, nimevuka kimya."

"Nimeona."

"Hukunitaja."

"Kurudi si kazi," Jaldesa akasema. "Mto mpole, ng'ombe wanakumbuka njia. Kiangazi tutaona."

Kijana akainamisha kichwa, akaenda zake. Mimi nilikasirika, nikamwambia Jaldesa kwa Kiswahili, nisije nikakosea neno, kwamba anakaza kamba kupita kiasi. Akanijibu, "Buya, wewe hujui maneno ya watu. Huyu ni mtoto ya dada yangu. Mimi nikisamehe yeye haraka, watasema Jaldesa ana sheria mbili. Mwaka ujao kila mtu atapiga kelele." Nikamwambia yule mjane wa Chewele mwenyewe amekwisha kumsamehe. Akasema, "Mjane anaweza. Mimi siwezi."

Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo mkono wake mmoja ulipolala. Ule wa kuvuta ulikuwapo, lakini aliuficha nyuma ya mgongo. Halake alipochelewa, Jaldesa alimpa aibu na siku iyo hiyo akampa jina. Roba alipewa aibu peke yake, mwaka mzima, tena na mjomba wake. Kijana yule angekuwa mtu baki angekuwa ameitwa zamani. Alimkazia kwa sababu alimpenda, na akaogopa watu waone kwamba anampenda.

Darmi alimwendea kaka yake mara mbili mwaka huo. Haya nimeyapata kwa Darmi mwenyewe. Mara ya pili alimwambia, "Mwanangu hali chakula vizuri. Anaogelea kwenye dimbwi la kunyweshea ng'ombe, ameweka kijiti katikati ya meno, anajizoeza kunyamaza. Mke wake anamcheka, kisha analia. Mtaje tu. Mtaje hapa nyumbani, mbele ya watu wawili."

Jaldesa akamjibu kwamba jina huitwa ng'ambo, haliitwi nyumbani. "Akivuka kimya nitamwita, dada yangu, na utasikia jinsi nitakavyomwita."

Hakumdanganya. Wiki moja kabla ya kuvuka, Januari ya mwaka 1956, nilimpeleka Jaldesa kwa mtumbwi kupima kina. Mimi nachoma chini pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, yeye amekaa mbele, ananong'ona. Nikamwuliza anasoma dua gani. Akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akaniambia ni maneno ya Roba. Amekuwa akiyatunga tangu masika. Akanisomea kwa Kiorma, kisha akanipa kwa Kiswahili chake: "Roba ya Darmi, mwenye Magala, wewe ulishika upande ya mamba, wewe ulipita katika mto na mto haikusikia."

Yalikuwa mazuri, hata kwa Kiswahili kile. Nywele zilinisimama. Nikamwambia, "Basi mwambie leo. Nenda kambini ukamwambie haya maneno leo."

"Nikimpa leo, kesho atafunga mdomo kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ni mtu mzima, Jaldesa."

Akayaangalia maji. Nilidhani nimempata. Kisha akatia mkono majini, akasema hapa pana kina, twende chini kidogo.

Halafu kuna hilo la upande wa mamba. Upande wa chini ya mkondo ndio mbaya, kwa kuwa kila kinachosukumwa na maji huishia huko, na waliogelea huko watu wazima waliozoea. Roba aliomba mwenyewe apewe upande huo. Jaldesa angeweza kukataa. Alifurahi. Aliniambia, "Umeona? Sasa amekuwa mwanamume." Alidhani ule ukali wake ndio uliozaa hilo, na labda ni kweli.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, jua la saa tatu, upepo hakuna. Watu walipiga madebe mpaka wakachoka. Walisoma Fatiha. Mimi, Mmethodisti, nilisema yangu kimoyomoyo. Jaldesa alivushwa, akasimama ng'ambo, akanyanyua mkono. Kimya kikashuka. Nikasukuma mtumbwi, ndama akalia, mama yake akajitupa majini, na nyuma yetu mto ukajaa pembe.

Mwendesha mtumbwi wa ndama lazima ageuke mara kwa mara aone kama mama anafuata. Niligeuka mara ya kwanza, kila kitu sawa. Niligeuka mara ya pili, tukiwa tumepita katikati. Mama anafuata. Upande wa chini nikamwona Roba, karibu, labda hatua ishirini kutoka kwangu. Hakuwa ameshika mkia wa Magala tena. Magala alikuwa mbele yake. Kichwa cha Roba kilikuwa kimerudi nyuma kidogo na macho yake yamenitazama mimi. Meno yote yalikuwa nje. Nikadhani anacheka. Nikadhani anafurahi kwamba ukingo umekaribia na hajatoa hata pumzi. Mimi nikamchekea pia, nikamtikisia kichwa, yaani safi, umefika. Kisha mkondo ukauvuta mtumbwi, nikageuka mbele kuushika.

Nilipogeuka mara ya tatu sikumwona, lakini pale palikuwa na pembe nyingi na vichwa vingi, na sikumtafuta.

Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyepotea. Ulikuwa mvuko mzuri kuliko yote niliyoiona, kundi zima limenyooka toka ukingo hadi ukingo, hakuna sauti ila ya ndama na ya Jaldesa. Alipopanda kichuguuni uso wake uling'aa. Aliita watu wake, nao wakajibu, "Nimevuka!" Halake akaitwa, akajibu kwa nguvu mpaka ng'ombe wakashtuka. Nikaona Jaldesa amembakiza Roba makusudi awe wa mwisho. Watu wote waliona, wakaanza kutabasamu. Darmi alikuwa amesogea mbele ya wanawake wenzake, kitambaa mkononi.

Jaldesa akavuta pumzi, akaita: "Roba wa Darmi, mwenye Magala! Wewe uliyeshika upande wa mamba! Wewe uliyepita mtoni na mto usisikie!"

Darmi akapiga kigelegele. Kirefu, cha mwaka mzima, na wanawake wote wakamwitikia, na Kaltuma akajifunika uso kwa haya na furaha. Kilipoisha tukangoja "Nimevuka".

Jaldesa akaita mara ya pili, kwa sauti ile ile ya sherehe. Baadhi ya watu waligeuka wakatazama nyuma ya ng'ombe, wakidhani kijana anaona haya. Magala alikuwa amesimama karibu na maji, ameelekeza kichwa mtoni. Mara ya tatu Jaldesa aliita jina peke yake, bila mama, bila fahali. Hapo ndipo Darmi alipokimbilia majini, na Halake akamdaka kiunoni.

Tulimtafuta siku ile na siku mbili zilizofuata. Nilishuka na mtumbwi hadi karibu na Chara, nikiuliza wavuvi. Tulipata shuka yake imenaswa kwenye matete, na upande mmoja umeraruka. Aliswaliwa bila mwili. Halake, aliyeogelea nyuma yake, aliapa kwamba hakusikia kitu, na wote waliokuwa majini waliapa vivyo hivyo. Nawaamini. Hakukuwa na cha kusikia.

Jioni ya siku ya kwanza, jua halijazama, Jaldesa alinikuta nikichota maji yaliyoingia mtumbwini. Akachutama.

"Wewe ulikuwa mbele. Uliona yeye?"

Ningeweza kusema sikuona. Nilimwambia nilichokiona, macho na meno, na kwamba nilidhani anacheka, na kwamba nilimchekea.

"Alipiga kelele?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Vizuri," akasema Jaldesa.

Lilimtoka lenyewe. Ni neno alilokuwa akiwaambia wote, miaka yote, kila mtu alipomletea habari njema ya kazi. Alipolisikia alijiziba mdomo kwa mikono miwili, akaanguka magoti kwenye matope, na mtu yule ambaye sauti yake ilivuka Tana alilia bila sauti yoyote. Nilikaa naye. Nilitaka kumchukia na sikuweza, kwa sababu ya kile kichwa nilichomtikisia Roba.

Masika ya mwaka ule walinitumia mtu tena. Nilitaka kukataa, mke wangu akaniambia ng'ombe hawana kosa. Nilipofika nilikuta Halake ndiye kiongozi, na amri imebadilika: mtu akiona mamba apige kelele, ng'ombe wazame wakitaka kuzama. Jaldesa alikuwa amekaa ukingoni, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Alikuwa ameomba jambo moja tu, na Halake akamkubalia: kwamba majina yaitwe upande huu, kabla mtu hajagusa maji.

Basi akasimama chini, bila kichuguu, akawaita. Kila mtu alipata maneno yake. Sauti haikuwa ile ya zamani lakini maneno yalikuwa yale yale mazuri, na wanaume waliingia majini mmoja mmoja wakiwa tayari wamesifiwa. Sikuona kazi yao ikiharibika kwa hilo. Wengine walilia wakiingia.

Nilidhani amemaliza, nikashika pondo. Kumbe hajamaliza. Aliugeukia mto, akavuta pumzi, akaita, "Roba wa Darmi, mwenye Magala!"

Darmi alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi wa jirani, amewapa wote mgongo. Tangu kiangazi hakuwa amesema na kaka yake neno moja. Alisema bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeomba maji.

"Usimwite, ndugu yangu. Wewe ndiye uliyemfundisha kunyamaza."

Ndama alianza kulia, mama yake akasogea majini, nami nikasukuma mtumbwi.